Rok, Watakatifu Wote

Odarka aliikimbia vita Ukraine pamoja na mama yake mgonjwa, wakaishia kwenye kisiwa kimoja cha Kroatia. Mwezi wa tatu mama akafariki. Kisiwani pale kila ukoo una kaburi lake la mawe. Mgeni akifa hana pa kulazwa. Jirani yao, mzee Vinko, akamwonea huruma.

"Atalala kwetu, mwanangu," alisema, kisha akaongeza polepole ili aelewe: "Rok, Watakatifu Wote."

Kwao Odarka mwaka ni rik, na miaka ni roky. Alichosikia ni kwamba amepewa mwaka mzima, na watakatifu wote wamlinde. Akalia, akamshukuru, akaenda bara kufua mashuka hotelini mpaka apate njia ya kumrudisha mama nyumbani.

Alirudi Februari. Kaburini palikuwa na jina jipya, la kaka yake Vinko.

"Mama yuko wapi, mzee?"

Vinko akababaika. "Si nilikwambia rok? Sikukuu ya Watakatifu Wote, Novemba! Tumekungoja weee, wala hatukujua uko mji gani. Desemba kaka akafa. Ningemlaza wapi?"

"Rok ni mwaka!"

"Kwetu ni mwisho wa muda!"

Padri Šime, aliyekuwa akifagia njia, akasogea. "Neno ni hilohilo, binti. Limetokana na kusema, kwa lugha ya wazee wetu sote. Lililosemwa, limepangwa. Nyinyi mkapanga mwaka, sisi kikomo."

"Na kwa Warusi rok ni majaliwa mabaya, ya kuangamia. Kirusi nakijua, padri. Nionyesheni mama yangu."

Alikuwa nyuma ya ukuta wa makaburi, kwenye shimo la waliokufa maji na wasio na wenyewe. Vinko akachukua koleo, akachimba huku machozi yakimtoka. Mvua za msimu wa baridi zilikuwa zimelijaza shimo. Mbao zilikuwa zimepasuka, maiti tatu zimelaliana topeni, na kila nguo imeshika rangi ya udongo.

"Ni huyu?" Vinko aliuliza.

Odarka akapiga magoti, akatazama kwa muda mrefu.

"Sijui."

"Mtazame vizuri, mwanangu."

"Sijui, mzee! Fukia. Fukia tu."

Vinko akafukia. Padri akauliza jina la marehemu.

"Paraska."

Kwa jina hilo moja akawaombea wote watatu. Vinko alipoitikia amina, Odarka alikuwa ameshaanza kuteremka kwenda bandarini.