Mshono wa Kidole Gumba

Hebu niambie wewe unayesoma, mtoto uliyemzaa mwenyewe akisema mbele ya watu kwamba kazi ya mikono yako ilikuwa mchezo wa kuigiza, utafanya nini? Utamlaani? Utanyamaza? Verna Truitt alinyamaza miaka mitatu, halafu akaona kunyamaza nako kunamla.

Mwaka huo Verna alikuwa na miaka sabini na tisa, na ilitimia miaka hamsini tangu watu watembee mwezini. Nyumba yake ilikuwa nje kidogo ya mji wa Dover, upande wa mashamba ya soya, na mapazia yake alikuwa ameyashona mwenyewe, pindo zimenyooka kama zimepigwa rula. Ujanani alikuwa fundi katika kiwanda kilichoshona sidiria, mpaka kiwanda hicho kikapata kazi ya kushona mavazi ya wanaanga. Wanawake walewale, cherehani zilezile. Verna akapewa glavu. Glavu ya mwanaanga si soksi ya mtoto. Ina tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lina mshono wake, na sindano ikitoka nje ya mstari kwa upana wa uzi tu, mkaguzi anachukua mkasi anaikata vipande mbele yako, unaanza upya. Mle ndani aliyekosea akanyoosha mkono akasema, alishukuriwa. Aliyeficha alifukuzwa.

Wade, mwanawe wa pekee, hakukataa kwamba mama yake alishona. Alichokataa ni kwamba kuna mtu aliyezivaa glavu hizo akaenda nazo popote. Siku ya Shukrani, miaka mitatu nyuma, bata mzinga yuko mezani anatoa moshi, Wade alisema kwamba Shirika la Anga lilipiga picha zake zote za mwezini ndani ya banda, jangwani. Verna akaweka kisu chini.

"Basi nenda ukale huko jangwani," akamwambia.

Wade akachukua kofia yake, akatoka. Hakukanyaga tena. Kila Jumapili Verna alipika chakula cha watu wawili, Jumatatu akala kiporo.

Sasa, mwezi wa sita, siku moja asubuhi simu ikalia.

"Mama."

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Jumamosi sisi tusioamini safari ya mwezini tuna mkutano wetu pale ukumbi wa wazima-moto. Lyle, msemaji wetu, anatafuta mtu wa upande wa pili, wa kujibu maswali. Nikakutaja."

"Mimi ni mtu wa upande wa pili, au ni mama yako?"

Wade akacheka kidogo, puani. "Ukiyajibu yote, nitasimama mbele yao niseme walikwenda. Na Jumapili nitakuja kula."

"Utasema hivyohivyo? Kwa mdomo wako?"

"Nitasema."

Verna akakata simu, akabaki ameishikilia kifuani. Ndilo hilo tu alilokuwa akilitaka duniani: mwanawe aseme neno moja, halafu aje avute kiti.

Shoga yake Iola Pusey, aliyekaa cherehani ya pembeni yake miaka ile na sasa alitembea kwa magongo mawili, hakupendezwa hata chembe.

"Shoga, hao hawataki majibu. Wanataka kichekesho. Watakutia kwenye mtandao uchekwe na dunia nzima, tena bila meno."

"Meno ninayo."

"Ya kununua."

"Ni yangu, nimeyalipia. Iola, wacha wanicheke. Wade akitoa ahadi haivunji. Hilo amelirithi kwa baba yake."

Iola akashika magongo yake. Emory, mume wa Verna, alifariki mwaka uleule wa safari ya mwezini, Wade akiwa na miaka minane, na Iola hakuwa mtu wa kupenda kumzungumzia marehemu huyo.

Jumamosi saa sita mchana Verna alivaa gauni la bluu, akapaka poda, akaenda. Ukumbini walikuwa kama watu thelathini hivi, wengi wao wanaume wa makamo wenye kofia zenye nembo za mashine za kilimo. Wenye ukumbi walikuwa wanauza kuku wa mchuzi na vipande vya unga vilivyochemshwa mchuzini hadi vikateleza, sahani za karatasi, na kahawa nyepesi hata ungeweza kuona kitako cha kikombe. Wade alisimama nyuma ya kamera yake. Alimwitikia mama yake kwa kichwa, kama mtu anavyomwitikia karani wa posta.

Msemaji wao alikuwa Lyle Messick, fundi wa majokofu aliyestaafu, sauti nzito, tumbo mbele.

"Karibu, mama. Keti. Maji haya hapa. Usituogope, hatuli watu."

"Sikuwaogopa wakaguzi wa serikali, nije nikuogope wewe uliyeniharibia friza yangu?"

Watu wakacheka. Lyle naye akacheka, akakohoa, akafungua daftari lake.

"Bendera, mama. Mwezini hakuna upepo. Bendera inapepeaje?"

"Haipepei. Ilishonewa pindo juu, ukapitishwa ufito ndani, kama pazia langu la jikoni. Na ilikuwa imekunjwa siku nyingi. Wewe kunja shuka mwezi mzima, ulitandike bila pasi, uone kama halina mawimbi."

"Nyota je? Picha zote, anga jeusi, hakuna nyota hata moja!"

"Mtoto wa dada yangu alifunga ndoa usiku usio na wingu, wakapigwa picha barazani, taa kali zimewawakia. Nyuma yao kweusi tititi. Kwani usiku ule nyota zilikufa? Kamera ikitazama kitu kinachong'aa haioni kinachofifia. Muulize Wade, ndiye mwenye kamera."

Vichwa vikageuka. Wade akainua mabega, kisha, kwa kusitasita, akaitikia kwamba ndivyo.

Wakamuuliza juu ya vivuli vya pichani, akajibu. Wakamuuliza juu ya kanda za safari ile zilizopotea, akasema yeye mwenyewe amepoteza picha za harusi yake na bado aliolewa. Mzee mmoja wa nyuma akapiga goti lake kwa kicheko. Verna akahisi uso wake umepata joto kama wa msichana. Akatupa jicho kwa Wade, akaona pembe ya mdomo wa mwanawe imeinuka kidogo, vile ilivyokuwa ikiinuka alipokuwa mdogo akijizuia kucheka kanisani.

Lyle akafunga daftari. Akainama mbele.

"Mama, mimi nakuheshimu. Ulishona, sawa. Lakini glavu zilishonwa nyingi. Zako zingeweza kutupwa jalalani, wakakuonyesha picha ya glavu nyingine wakakwambia hii hapa. Utajuaje? Ulikuwapo?"

"Sikuwapo."

"Haa! Hakuwapo!"

"Ngoja, usirukie. Mshono una mwandiko. Ukimpa Iola kitambaa na mimi ukanipa, nitakuonyesha upi wake na upi wangu hata gizani, kwa kidole. Jumba la makumbusho lilinipa picha ya glavu ile ya kulia iliyorudi kutoka mwezini, kubwa kama meza hii." Akaitoa kwenye bahasha, akaitandaza. "Tazama kidole gumba. Kidole gumba ndicho kigumu, unazunguka kwenye kona, mkono unachoka. Kila fundi alisimama mara mbili, mara tatu, akapumua, akaanza tena, na pale anapoanza tena sindano inaacha alama. Mimi pia nilisimama, glavu zangu zote. Isipokuwa hii. Hii haina alama. Nimeshona kidole gumba kizima kwa pumzi moja mara moja tu maishani mwangu, na ndicho hiki."

Lyle akasogeza miwani. Watu wa mbele wakainuka kutazama. Kweli, mshono ulizunguka bila kituo.

"Na kwa nini siku hiyo hukusimama?" Lyle akauliza.

Verna alikuwa amezoea kusema kila kitu cha mshono: saa, uzi, sindano. Ndivyo walivyofundishwa. Akajibu kama anamjibu mkaguzi.

"Kwa sababu nilikuwa na haraka. Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nane Machi. Hospitali walipiga simu saa tisa alasiri, mume wangu yuko mahututi, msimamizi akaja akaniambia, Verna, wacha hiyo, nenda. Nikamwambia nisubiri nimalize, maana mshono ukiendelezwa na mkono mwingine unakataliwa. Nikashona bila kuinua kichwa. Nilimaliza saa kumi na robo."

Hapo akasikia alichokisema.

Emory alikata roho saa kumi kasoro dakika tano. Jirani alikuwa amempeleka Wade hospitali baada ya shule, akamwacha kitandani kwa baba yake, kwa kuwa mama yake yuko njiani. Na Verna alipofika, mtoto akamuuliza, mama, ulikuwa wapi? Akamwambia pini ilipotea. Kiwandani pini zilihesabiwa, hilo ni kweli kabisa. Moja isipoonekana, mlango haufunguliwi. Akamwambia, walitufungia, mwanangu, hawakunipa hata habari ya simu. Akalisema siku ile kwa sababu mtoto alikuwa analia, akalirudia mazishini, na baadaye likawa ndilo lililotokea. Wade akakua nalo. Alipokuwa kijana, kila Shirika la Anga likitajwa alitema mate. Watu wanaoweza kumfungia mke wa mtu mlango mumewe anakufa, alikuwa akisema, watashindwa kudanganya dunia?

Mama mmoja mnene aliyekaa karibu na sufuria la kahawa akasema kwa sauti, "Huyu hasemi uongo. Hakuna mtu anayetunga jambo kama hilo."

Lyle akavua miwani, akaipangusa kwa shati. "Basi, sina swali," akasema taratibu. "Wade? Ulituahidi neno."

Wade alikuwa bado ameinamia kamera. Akainuka. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na minane, ndevu zimeingia mvi, lakini Verna alimwona masikio yamekuwa mekundu, vilevile kama ya mtoto aliyechapwa.

"Amejibu yote," Wade akasema. "Walikwenda. Mama yangu alishona glavu, na mtu akaivaa, akaenda nayo mwezini. Nakubali."

"Umenunuliwa kwa kuku wa Jumapili!" mmoja akapiga kelele. "Mtoto wa mama!" akasema mwingine. Wade alikunja miguu ya kamera mmoja mmoja, akaitia kwenye mfuko, akafunga zipu.

Neno hilo Verna alilisubiri miaka mitatu. Sasa limetoka, mbele ya watu, kwa mdomo wa Wade mwenyewe, naye Verna alitamani Wade alimeze tena.

Walirudi kwa gari la Wade. Mbele yao lilitangulia lori la kuku, manyoya yakija yakinata kwenye kioo, na Wade hakuwasha vifuta. Verna alijaribu kusema kwamba soya mwaka huu imechelewa. Wade akakaza macho barabarani. Walipofika, akambebea bahasha yake mpaka mlangoni, kisha, jambo ambalo hakulitegemea, akaingia. Akapita sebuleni, akafika jikoni, akavuta kiti chake kilekile, akaketi na kofia kichwani.

Verna akafungua jokofu. "Nina nyama ya jana. Na pai ya pichi. Nikukatie?"

"Ulisema pini."

Akafunga jokofu.

"Mama, ulisema pini ilipotea. Ulisema hawakukwambia simu imepigwa."

"Ulikuwa mdogo, Wade."

"Nilikuwa mdogo, nikakua. Nilipofika ishirini ulikuwa bado unasema pini. Thelathini, pini. Nimewachukia watu hao miaka hamsini kwa ajili ya pini." Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Unajua alikuwa anauliza nini baba? Alikuwa anauliza saa ngapi. Mimi sikuwa najua kusoma saa vizuri, ile ya ukutani yenye namba za kirumi. Nikawa namwambia, bado kidogo, baba, bado kidogo. Mkono wake ukapoa ndani ya mkono wangu, nikaendelea kumwambia bado kidogo."

Verna akashika ukingo wa beseni la kuoshea vyombo. Nje, jirani alikuwa anakata nyasi, mashine inakuja, inakwenda.

"Nilidhani bado kuna muda," akasema.

"Walisema kuna muda?"

Akafikiri kusema ndiyo. Lilikuwa neno dogo, na aliyeujua ukweli wake, msimamizi yule, alikuwa kaburini siku nyingi.

"Hapana. Walisema njoo sasa hivi."

"Basi kwa nini?" Wade akavua kofia, akaiweka mezani, akamtazama. "Usiniambie habari ya mshono kukataliwa. Wangeikata, ukashona nyingine. Ulizishona ngapi? Sikuulizi juu ya mwezi, sikuulizi juu ya serikali. Nakuuliza wewe. Mtu anakuja anakwambia mume wako anakufa, nenda. Wewe ulitaka nini?"

Mashine ya nyasi ikazimika. Verna akageuka, akaikabili meza. Akaiweka mikono yake miwili juu ya meza, kando ya kofia.

"Nilitaka kuimaliza," akasema. "Ilikuwa inatoka vizuri, Wade. Haijawahi kunitokea hivyo. Nilisikia walichoniambia, nikakielewa, na nilitaka kuimaliza."