Kipimo Kilichotakiwa Kugoma

Delbert Krahn alikuwa ametengenezea watu bunduki kwa miaka thelathini na minane, na yeye mwenyewe hakuwa na hata moja aliyojitengenezea. Mganga hajigangi, alizoea kusema, na wawindaji wa kaskazini mwa Wisconsin waliojaza karakana yake kila msimu walicheka naye.

Mwaka huu hakucheka. Mwezi wa Agosti daktari wa macho alimwambia kwamba katikati ya macho yake panakufa. Pembeni pataendelea kuona, lakini chochote atakachokikazia macho ndicho kitakachofutika kwanza. Lini? Labda Krismasi, labda kabla. Delbert alirudi nyumbani, akashusha mtutu wa bunduki wa pembe nane aliokuwa ameuhifadhi miaka mingi, akamwambia binti yake Twyla, "Moja tu, mwanangu. Ya risasi moja. Jumamosi ya mashindano nilenge nayo shabaha klabuni, wiki inayofuata niwinde nayo kulungu. Moja yangu, kisha basi."

Twyla alikuwa amerudi kwa babake akiwa na mtoto wa miezi minne. Yeye ndiye aliyechonga kitako kwa mti wa walnati, akikipima kwenye bega la mzee, akikwangua, akipima tena, hadi shavu la baba likawa linalala pale lenyewe bila kutafuta mahali. Lakini mtutu hakuruhusiwa kuugusa.

"Mbao zako, chuma changu," mzee alisema. "Tusivukiane mpaka."

Ikabaki chemba, kile chumba ambamo risasi hukaa. Hukerezwa kwa mkono: zungusha kidogo, toa, futa, pima, rudia. Vipimo ni viwili, vipande vya chuma vyenye umbo la risasi. Cha kwanza kikiwa ndani, kabari ya nyuma, kile kipande kinachoziba chemba, sharti ipande na kufunga. Cha pili sharti kigome, kabari isifunge kabisa. Tofauti yao ni unene wa karatasi. Hicho cha pili kikikubali, chemba imekuwa na kina kupita kiasi, na ganda la risasi linaweza kumpasukia mpigaji usoni.

Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya mashindano, Twyla alikuwa jikoni akinyonyesha aliposikia baba akipiga mluzi karakanani. Kisha mluzi ukakatika.

"Twyla! Njoo uone mambo! Kile cha kwanza kilikuwa kinanikatalia kama nyumbu, nikaongeza mizunguko minne, sasa kinafunga kama mlango wa kanisa!"

Akamlaza mtoto kitandani, akaenda. Mzee alikuwa amesimama kando ya jiliwa lililobana bunduki, mafuta hadi viwikoni, anatabasamu. Twyla akakichomoa kipimo, akafuta chemba kwa kitambaa. Kitambaa kikatoka na unywele wa chuma, mfupi kama ukope, uliobanwa ukawa bapa.

Unywele ule ndio uliozuia kipimo, si chemba. Na mizunguko minne ilikuwa imeongezwa bure.

Akatia kipimo cha pili, akavuta mkono wa chini unaopandisha kabari. Kabari ikapanda taratibu, ikafunga bila ubishi wowote.

"Hicho ni cha pili?" mzee akauliza. "Kimegoma?"

Mzee asingeweza kuona. Angeambiwa kimegoma, angeamini, na Jumamosi angelaza shavu kwenye mti ule aliochongewa.

"Kimefunga, baba."

"Futa, urudie."

"Nimefuta. Kulikuwa na kipande cha chuma ndani."

"Kikubwa?"

"Kama ukope."

Mzee akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Nilitazama," akasema. "Nilimulika taa nikatazama, Twyla."

"Najua, baba. Sikiliza. Tutaurudisha mtutu nyuma uzi mmoja wa skrubu, tukereze upya. Nimekuona ukifanya hivyo tangu nikiwa mdogo. Wewe uniambie, mimi nikate."

"Umewahi kukata uzi kwenye mashine, wewe?"

"Sijawahi."

"Basi utamaliza theluji ikiyeyuka. Na mbao zako hazitakaa tena sawa na mtutu."

"Nitazichonga tena. Hata mara kumi."

"Halafu nilenge nini?" Akaielekea karatasi ya shabaha iliyobandikwa ukutani. "Ile pale. Nikiitazama, doa jeusi halipo. Tangu wiki iliyopita. Sikukwambia kwa sababu nilidhani nitawahi."

Twyla akamshika mkono, nao mzee akauacha ushikwe kidogo, kisha akauondoa, akaenda kwenye simu ya ukutani. Namba aliibonyeza kwa kupapasa.

"Arlo? Nifute kwenye orodha ya Jumamosi."

Arlo Zastrow, rafiki yake wa ujanani, alikuwa mtu wa sauti kubwa. Twyla alimsikia kutoka alipokuwa amesimama.

"Nini tena? Miaka yote unatutengenezea sisi, leo yako imekushinda? Au umeniogopa, mzee mwenzangu?"

"Nimekuogopa."

"Haa! Krahn kaogopa! Nitawatangazia klabu nzima!"

"Watangazie."

"Na kulungu? Kile kichanja chako cha kuvizia pale kwenye miti ya mialoni nimekipigilia misumari mipya. Wiki ijayo ukae kama mfalme."

"Mpe mtu mwingine."

Huko upande wa pili kicheko kikaisha. "Del," Arlo akasema, sasa kwa sauti ya chini, "kuna nini, ndugu yangu?"

Mzee akaupeleka mkono ukutani kuirudisha simu mahali pake, akakosa. Akajaribu tena, akakosa tena, na sauti ya Arlo ikawa inaendelea kuita mkononi mwake, Del, Del, nijibu basi, huku yeye akiutazama ukuta.