Mlango wa Gari la Diwani

Gari la diwani Hiram liliegeshwa juani katikati ya gereji ya Gicheru, Kitale. Kila aliyepita aliona kasoro ya mlango wa nyuma, isipokuwa fundi aliyeupiga sprei. Eliakim alisimama mbele yake, kofia mkononi. Aliona gari la bluu lenye mlango wa bluu.

"Si unauona?" Gicheru akamuuliza.

"Nauona, bosi."

"Uko na nini?"

Eliakim akapitisha kiganja juu ya bati. Laini, bila mchirizi. Lakini watu hawakusanyiki bure. "Labda haujakauka vizuri," akasema, na kicheko kikapasuka nyuma yake.

Mlango ulikuwa wa kijani.

Macho yake hayakuharibika kwa siku moja. Alikuwa amevuta mvuke wa thina ya Gicheru, ile dawa ya kuyeyushia rangi, tangu ujana. Kwanza manjano ilififia ikawa kama nyeupe, kisha bluu na kijani zikaanza kufanana. Aliyejua ni mkewe tu, Edah. Kila Eliakim alipochanganya rangi, Edah alifika kutoka nyumbani kwao Kipsongo na bakuli la chakula, akachungulia kopo na kumnong'oneza neno moja kwa Kibukusu. Mafundi wenzake walimwonea wivu kwa kupata mke anayejali tumbo la mumewe.

Wiki ile Edah alikuwa Ndalu, akipalilia mahindi ya watu. Diwani naye alitaka gari lake upesi, maana ulikuwa mwaka wa uchaguzi, elfu mbili na saba. Kumuuliza fundi mwingine kungekuwa kujichongea. Eliakim akachanganya kwa kubahatisha, akapuliza. Dereva wa diwani alilichukua gari magharibi, mwanga umeshafifia, na hakuna aliyegundua.

Kosa liligunduliwa Kanduyi, uwanjani, mchana kweupe. Kijani ilikuwa rangi ya wapinzani wa diwani, na umati ukaanza kuimba kwamba mheshimiwa ameshajifungulia mlango wa kuhamia upande wa pili. Aliteremka jukwaani hotuba haijafika nusu.

Sasa alikuwa ameketi katika kiti alichopanguziwa na Gicheru mwenyewe.

"Nani alikulipa?" akauliza kwa upole.

Eliakim akaapa kwamba hakuna. Diwani akamwambia kituo cha polisi hakiko mbali, na huko watu hukumbuka haraka. Hapo Eliakim akatoa siri aliyoificha miaka yote. "Ni macho, mheshimiwa. Siku hizi rangi zinanichanganya."

"Ati macho. Wacha tuone."

Diwani akamwita Nyaruai, mama aliyeuza chai langoni, akamwamuru asimame pale na leso yake. Eliakim akasema ni nyeupe. Ilikuwa ya manjano, na watu wakacheka. Mafundi aliokula nao kila mchana wakaanza kuleta vitu: waya, kopo, ndoo. Alipokosea walipiga makofi. Kisha mmoja akainua ovaroli, naye akaitambua kwa kiraka chake kuwa ni ile yake ya zamani. "Bluu," akasema.

Kicheko kikakatika. "Kumbe anaona," diwani akasema. "Anatuchezea huyu." Akainuka, akamzaba kofi.

Damu ikamtoka Eliakim puani, ikadondoka kiganjani. Nyekundu alikuwa bado anaiona vizuri kama mtu mwingine yeyote.

"Na hiyo ni rangi gani?"

Eliakim aliitazama. Akaelewa kwamba akipatia, atalala ndani.

"Nyeusi, mheshimiwa."

Diwani alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema huyu si msaliti, huyu ni kipofu tu, akamwagiza Gicheru mlango upakwe upya kabla ya jioni. Nyaruai peke yake hakucheka. Alikuwa amejifunika uso kwa ile leso.

Gari lilipoondoka Gicheru alimwita kando. Alisema amedanganywa, kwamba hayo macho mabovu Eliakim aliyaleta kutoka kwao, na kwamba hakuna gereji Kitale itakayomchukua tena. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, maana habari zilishafika sokoni. Edah aliporudi kutoka Ndalu, alikuwa amezisikia njiani. Hakulia. Alimuuliza tu kwa nini hakumngoja.

"Diwani hangoji palizi iishe," Eliakim akamjibu.

Siku chache baadaye Gicheru alimtumia ujumbe, kana kwamba anamfanyia wema. Ndugu yake, Ngige, alikuwa na karakana ya majeneza Bungoma. "Huko ni nyeupe tu," alisema. "Na mwenye mali halalamiki."

Eliakim akaenda. Ngige alikuwa mtu mchangamfu. Alimpeleka kwenye chumba cha mabati nyuma ya karakana, ambako majeneza yalipangwa sakafuni, mengi yakiwa mafupi kama meza ya shule. Akaeleza kwamba mvua ikileta malaria, wateja ni wa saizi hiyo. Akamwonyesha kopo la thina na mahali pa kuchomeka mashine ya sprei.

"Unaona nyeupe?" akauliza.

"Naona, bosi."

"Basi umepata kazi, bana."

Barabarani lori likapita na kutimua vumbi. Ngige akatoka upesi, akamwacha Eliakim ndani na kopo la thina, akavuta mlango na kuukomea kwa nje, vumbi lisije likaharibu rangi mbichi.