Sahihi Mia Tano

Karatasi ya ishirini na mbili ndiyo iliyomsimamisha Mbinya. Alikuwa amezipanga fomu zake zote juu ya meza ya duka la fotokopi, mkabala na ofisi ya uchaguzi mjini Thika, akizipitia kwa mara ya mwisho. Kila mgombea huru wa kiti cha mwakilishi wadi alitakiwa kuleta sahihi za wapiga kura mia tano wa wadi yake, na wote wawe watu wasio wanachama wa chama chochote cha siasa. Yeye, wa wadi ya Ngoliba, alikuwa nazo mia tano na ishirini na nne. Ilikuwa saa saba kasorobo mchana. Saa kumi kamili mlango wa kupokea karatasi ungefungwa, na ukishafungwa haungefunguka tena kwa miaka mitano.

Akaichukua ile karatasi, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Kwa miaka tisa alikuwa amesoma mita za maji za mradi wa kisima, na jicho lake lilishazoea kuitambua namba iliyoandikwa na mtu ambaye hakuinuka kitini. Majina yalikuwa tofauti na namba za vitambulisho zilikuwa tofauti. Lakini kila sahihi ilimalizikia kwa mkia uleule, uliokunjwa kushoto kama ndoano. Akaitazama karatasi ya ishirini na tatu. Mkia ulikuwa huko pia.

"Anti," alisema bila kugeuka, "hawa waliandikia wapi?"

Syokau, mdogo wa mama yake, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mkoba umelala magotini. Alikuwa sekretari wa kikundi cha akina mama cha Maguguni, kule Ngoliba, na karatasi hizo mbili alikuwa amezileta asubuhi hiyohiyo.

"Wapi tena? Wako kwa ndengu zao. Watu wanavuna."

"Waliandika wenyewe?"

"Walituma salamu. Wote. Niliwapigia simu mmoja mmoja, kila mmoja akasema ndiyo, niandike. Idah hata aliniuliza mbona nimechelewa."

Mbinya akaelewa yote papo hapo, na hilo halikumfariji. Katika kikundi kile, asiyefika mkutanoni bila kutoa habari hutozwa faini. Anayetuma salamu, sekretari humwandika jina na kumtilia sahihi, na huhesabiwa kuwa amehudhuria. Ndivyo walivyofanya kila Jumanne kwa miaka kumi na miwili, na hakuna aliyewahi kulalamika. Syokau hakuwa amedanganya. Alikuwa amefanya kazi yake jinsi alivyoijua.

Majina yalikuwa thelathini na moja. Mbinya akapiga hesabu kwenye ukingo wa gazeti: zilibaki mia nne tisini na tatu. Alipungukiwa na saba.

"Si wamekubali?" Syokau aliuliza. "Nani amelia?"

"Sheria haiulizi kama wamekubali. Inauliza kama waliandika."

Mtu akapiga hodi kwenye fremu ya mlango uliokuwa wazi. Alikuwa Kiama, aliyemfanyia Gachau kazi zote za miguu, na Gachau ndiye aliyekuwa mwakilishi wa Ngoliba kwa mihula miwili na sasa akitaka wa tatu. Kiama alivaa kofia ya chama na viatu visivyo na vumbi.

"Sasa, madam. Habari yako, mama."

"Sema, Kiama."

"Aterere, sikiza, sijakuja na ubaya." Akaigeuza simu yake ili waione. Katika picha, Syokau alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi nje ya kanisa, fomu juu ya goti, kalamu mkononi. "Hii bado iko kwa simu yangu pekee. Ukipeleka hizo karatasi, nitakuwa na madam wa uchaguzi kabla hajamaliza kuhesabu. Hiyo ni kesi. Ukirudi nyumbani, hakuna mtu ameona kitu. Mheshimiwa anasema kamati ya basari za shule inahitaji mtu wa mahesabu kama wewe."

"Mheshimiwa anaogopa kura zangu ngapi?"

Kiama akacheka. "Haogopi. Anapenda tu karatasi ya kura ikiwa fupi. Wazee wasichanganyikiwe."

"Mwambie nimesikia."

"Amesikia, amesikia," Kiama alijiimbia akitoka. "Saa kumi, madam. Saa yako iko sawa?"

Alipotoweka, Mbinya aliazima rula kwa mwenye duka. Akapiga mstari juu ya kila jina, yote thelathini na moja, na pembeni mwa kila mstari akatia herufi za mwanzo za jina lake. Syokau alitazama kama mtu anayetazama shamba lake likifyekwa.

"Ungeacha hata saba," alisema. "Saba tu. Nani atajua?"

"Wewe unajua, mimi najua, Kiama anajua. Huo tayari ni mkutano."

Kwenda Ngoliba hakungefaa. Ni zaidi ya kilomita thelathini kwenye barabara ya Garissa, halafu mashamba yenyewe yametawanyika, na wangerudi mlango umeshafungwa. Syokau ndiye aliyekumbuka soko. Ilikuwa Alhamisi, na wanakikundi waliokuwa na nyanya na matikiti huwa wanayaleta soko la Madaraka, hapohapo Thika. Saa saba na nusu walikuwa tayari wameingia kwenye vibanda, Mbinya mbele na fomu tupu ndani ya faili, Syokau nyuma akiita majina.

Idah walimpata amekalia kreti, akipanga nyanya.

"Si nilishaandikwa?" aliuliza.

"Tumekufuta," Mbinya alisema. "Sasa utaandika mwenyewe. Naomba kitambulisho."

"Mbinya, hata wewe? Watu wa serikali huanza hivihivi." Lakini alikuwa ameshaingiza mkono kifuani kutoa pochi.

Kabla ya sahihi kulikuwa na hatua nyingine. Majina mengine yote Mbinya alikuwa ameyakagua kwa wiki tatu, akituma kila namba ya kitambulisho kwenye orodha ya wanachama wa vyama na kungoja jibu kwenye simu. Mtu aliyeko kwenye orodha ya chama hahesabiki. Alituma namba ya Idah. Mtandao sokoni ulikuwa mzito. Dakika nne zilipita, Idah akauza nyanya za watu wawili, kisha ujumbe ukaingia: hakuwa mwanachama wa chama chochote. Akatia sahihi polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Ilikuwa sahihi nzito, iliyoinama kulia, wala haikuwa na mkia.

Moja.

Mwanamke wa matikiti alikuwa sawa. Dada wawili waliouza sukumawiki walikuwa sawa. Wa tano alikuwa ameacha kitambulisho nyumbani na hakuijua namba, kwa hiyo wakampita. Saa nane na nusu walimfikia Viola, na simu ya Mbinya ilipolia, aliusoma ujumbe mara mbili.

"Wewe ni mwanachama. Chama cha Gachau."

"Mimi? Hata kadi sijawahi kuiona."

"Ulikwenda kwa chifu siku ile ya leso?"

"Tulienda wengi. Tukapewa leso, tukaandikwa majina, na namba ya..." Viola akaishika leso aliyojifunga kiunoni, akaitazama kana kwamba imemsemea vibaya. "Lakini ni leso nzuri," alisema.

Jirani yake naye alikuwa na leso kama hiyo, na jibu lake likawa lilelile. Wakazunguka tena, upande wa viazi, upande wa ndizi. Waliwapata wengine wawili. Saa tisa na dakika ishirini walikuwa na sita, na Syokau hakuwa na jina jingine la kuita.

Walirudi kwenye duka la fotokopi kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Mia nne tisini na tisa. Mbinya alizihesabu mara mbili, na mara zote mbili zilikuwa mia nne tisini na tisa. Kupitia dirisha aliiona kofia ya Kiama ng'ambo ya barabara, kwenye lango la ofisi. Kiama alikuwa akinunua mahindi ya kuchoma, hana haraka.

"Mwanangu," Syokau alisema kwa sauti ndogo, "nimekuharibia."

Mbinya hakuwa na hasira naye. Alikuwa akizitazama zile karatasi mbili zilizokatwa mistari, na kuna kitu ndani yake, kilekile kilichokuwa kikimrudisha kwenye mita yenye namba isiyokaa sawa, kilikuwa kimekataa kutulia.

"Kikundi chenu kina watu wangapi?"

"Thelathini na wawili."

"Karatasi zako zilikuwa na thelathini na mmoja."

"Hapana. Niliandika wote."

"Nimepiga mistari thelathini na moja kwa mkono wangu. Nani hayupo?"

Syokau akaanza kuhesabu kwa vidole, akiwapanga kama wanavyokaa Jumanne, benchi kwa benchi. Akafika mwisho. Akarudia. Midomo yake ikasimama.

"Anti," Mbinya alisema, "wewe ulijiandika?"

"Mimi? Mimi si ndiye nilishika kalamu?"

Alisema hivyo bila kushangaa. Katika kitabu cha mahudhurio hakuwa amejiandika hata mara moja. Kalamu ikiwa mkononi mwake na kitabu mezani, nani angeuliza kama amefika? Mtu akikifungua kitabu kile kwa miaka yote kumi na miwili, atakuta wanawake thelathini na mmoja walikutana kila Jumanne, na Syokau hakuwepo hata siku moja.

Mbinya alikuwa ameshatoa simu. Kisha kidole kikasita.

"Siku ya leso ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulipewa leso?"

"Nilipewa."

"Uliandika jina?"

"Nilikuwa nawaandikia wengine. Waliniomba, foleni ilikuwa ndefu." Akainua macho, na hapo ndipo jambo lenyewe lilipomfikia. "Viola. Viola nilimwandika mimi."

Mbinya akatuma namba ya kitambulisho cha Syokau. Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na tisa. Aliiweka simu mezani, kioo kikiangalia juu, na wote wawili wakaitazama. Mwenye duka naye, aliyekuwa amesikia kila kitu, alizima mashine yake ili pawe kimya, ingawa ujumbe hauhitaji kimya. Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Syokau alianza kuomba chinichini kwa Kikamba, kisha akaacha, kana kwamba ameona haya kumwomba Mungu akague orodha. Arobaini na tano simu ikatetemeka.

Hakuwa mwanachama wa chama chochote.

"Andika," Mbinya alisema. "Jina lako."

Syokau akaandika. Mwisho wa sahihi mkia ulikunjwa kushoto, kama ndoano, sawasawa na zile nyingine thelathini na moja.

Waliivuka barabara mbiombio. Walipofika langoni saa ilikuwa tisa na dakika hamsini na moja. Kiama alitupa gunzi na kuwafuata hadi ndani.

Msimamizi wa uchaguzi alikuwa Bi Gathoni, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alizihesabu sahihi kwa ncha ya kalamu, karatasi baada ya karatasi. Alipofikia zile mbili zilizokatwa alisimama, akasoma herufi zilizotiwa pembeni, akaziweka kando. Akaendelea. Kwenye karatasi ya mwisho, mstari wa mwisho, kalamu ilisimama tena. Akazirudia zile mbili, akaziweka sambamba na ile ya mwisho.

"Hii sahihi inafanana na hizi ulizokata."

"Ndiyo," Mbinya alisema.

"Madam, hiyo ndiyo nilikuwa nataka kusema." Kiama alikuwa ameshasogea mezani, simu mbele. "Huyu mama alijaza fomu peke yake. Picha iko hapa."

Bi Gathoni aliitazama picha kwa muda ambao Mbinya aliuona mrefu mno. Juu ya mlango mshale wa saa ulikuwa umebakiza dakika tatu.

"Sahihi ulizoona akiandika ni zipi?"

"Hizo. Hizo zenye mkia."

"Hizi zimekatwa. Hazikuletwa kwangu zihesabiwe." Akamgeukia Syokau. "Na hii ya mwisho ni ya nani, mama?"

Syokau alikuwa amezoea kujibu kwa niaba ya watu wengine.

"Ni yangu," alisema. "Zile zingine ndizo hazikuwa zangu. Hii ni yangu."

Bi Gathoni akamsogezea kipande cha karatasi tupu, na kalamu. Syokau aliinama, akatia sahihi tena. Msimamizi akalinganisha sahihi mbili, akasoma namba ya kitambulisho kwa sauti, akamtazama Syokau usoni na kwenye picha ya kitambulisho. Kisha akaandika kwenye fomu yake, kwa tarakimu na kwa maneno: mia tano. Muhuri ulishuka mara moja, mlio mfupi, kama mlango wa kabati.

Kiama alitoka kwanza. Walimkuta nje karibu na lango, amewapa mgongo, simu sikioni.

"Ndiyo, mheshimiwa," alikuwa akisema. "Hapana. Karatasi ya kura itabidi iwe ndefu kidogo."

Mbinya alimpita. Risiti ya kupokelewa ilikuwa ndani ya faili, na faili ameibana kwapani. Walipofika barabarani Syokau alisimama, akafungua mkoba, akatoa kitabu cha mahudhurio, kile kikubwa chenye jalada la bluu. Akatafuta ukurasa wa Jumanne iliyopita, akakiweka wazi juu ya mkoba, akauliza kama kungekuwa na kosa akijiongeza sasa.

"Ukurasa wa Jumanne uache ulivyo," Mbinya alisema. "Ijayo anza na jina lako. Na asiyekuja, nafasi yake iache tupu."

"Watalipa faini wengi."

"Watalipa."

Syokau alikifunga kitabu, hakuridhika sana, akakirudisha mkobani.