Ruhusa ya Kuoga

Siku ya kumi na moja Mwadi alianza kuikimbia harufu yake mwenyewe. Alikuwa ameketi sakafuni, juu ya mkeka uliotoboka, majivu yameganda shingoni kwa jasho, na kila alipoinua mkono kufukuza nzi, kwapa lake lilimtia kichefuchefu. Hakuruhusiwa kugusa maji. Hakuruhusiwa kuvuka kizingiti isipokuwa kwenda msalani, na hata huko wifi yake Pélagie alimfuata na kusimama nje, akikohoa kila alipoona anakawia.

Mumewe, Félicien, alibanwa kati ya mabehewa mawili kwenye stesheni ya Kindu, asubuhi moja ya mvua. Walipotoka kumzika, kaka mkubwa wa marehemu, Tharcisse, alimkalisha Mwadi na kumweleza desturi ya ukoo wao: kifo kinabaki mwilini mwa mjane mpaka ndugu wa marehemu alale naye. Ndipo anaoga, ananyolewa, na matanga yanakwisha. Ndugu mwenyewe ni yeye, Tharcisse. Mwadi alisema hapana. Tharcisse hakugombana naye. Alimwagiza tu Pélagie aondoe ndoo zote nyumbani.

"Hakuna haraka," alisema. "Maji inakungojea."

Tharcisse alikuwa karani wa serikali, mtu wa kalamu mbili mfukoni. Ofisini, tangu majina ya Kikristo yapigwe marufuku, walimwita Sitwayeni Kalonji, yaani Mwananchi Kalonji, na alikuwa akitazamia kupandishwa cheo. Kila siku akitoka kazini alipita hapo, akaketi kwenye kiti cha marehemu, akavua viatu, akamtazama Mwadi pale chini mpaka akachoka. Asubuhi hiyo alipita mapema, kwa kuwa ofisi zilifungwa kwa ajili ya sherehe.

Mwadi alikuwa amempakata Ngalula, bintiye wa miaka mitatu. Homa ilikuwa siku ya pili. Alfajiri macho ya mtoto yalikuwa yamegeuka yakabaki meupe, kisha yakarudi.

"Shemeji, mutoto anaungua. Niache nimufikishe kwa dispanseri. Nitarudi hapa hapa kwa mukeka."

"Upite barabarani na kifo mwilini? Unataka kuua watoto wa watu?"

"Basi wifi Pélagie amupeleke."

Pélagie aliinuka nusu, akamtazama kaka yake, akaketi tena.

"Mama yake iko muzima," Tharcisse alisema. Alikuwa akikuna nyayo zake kwa ncha ya kalamu, taratibu. "Hiyo njo kazi ya mama yake. Akubali kusafishwa leo, na leo hii anaenda dispanseri. Nani anamuzuia?"

Mwadi aliutazama mdomo wake, pembe mbili zenye povu jeupe. Aliutazama mkono ulioshika kalamu, kucha ndefu ya kidole cha mwisho. Mtoto alitetemeka magotini pake, akakaza taya. Mwadi alikuwa amekwisha kufungua kinywa kusema ndiyo wakati honi ya jipu ilipolia nje.

Aliyeingia alikuwa Onema, mkubwa wa kikundi cha animasiyo, kile cha kuimba na kucheza ngoma za chama kila anapofika mgeni. Alisimama mlangoni, akatoa leso, akaziba pua.

"Mwadi iko wapi? Komisele wa serikali anashuka na ndege ya saa ine. Ni sikukuu ya ukombozi wa mwanamuke, na mimi sina muntu wa kuanzisha nyimbo."

"Iko kwa matanga, Sitwayeni," alisema Tharcisse. "Unajua, desturi yetu..."

"Nimekuuliza desturi? Nimekuuliza muimbaji. Ama niandike kwamba Sitwayeni Kalonji anaficha wanamuke wa chama?"

Tharcisse aliinuka kwa kasi mpaka kiti kikaanguka.

"Hapana, Sitwayeni! Mumuchukue. Desturi inaweza kungoja."

"Na hii harufu?"

"Maji iko. Pélagie! Leta maji! Leta sabuni!"

Pélagie alipochelewa, Tharcisse alikimbia mwenyewe, peku, akarudi na ndoo mbili, suruali imelowa hadi magotini. Hivyo kifo cha siku kumi na moja kilitoka mwilini mwa Mwadi nyuma ya nyumba, kwa ndoo mbili na kipande cha sabuni ya mawese. Maji yaliyotiririka kwenda mferejini yalikuwa meusi, na kuku waliyakimbia.

Onema alimpa kikwembe kipya cha sherehe, kilichochapwa uso wa Kiongozi wa nchi. Alipojifunga, uso mmoja ulimkaa kifuani, mwingine begani, mwingine makalioni.

"Baba Onema," alisema, "gari itapita karibu na dispanseri. Mutoto wangu iko mugonjwa sana. Tumuache pale tu, kwa mulango."

"Gari njo ya chama, mama. Haiko ya wagonjwa. Panda." Mwadi alimwachia Pélagie mtoto, akapanda.

Ndege ilifika saa nane. Kwa saa nne wanawake sitini walisimama kwenye jua la uwanja, wakiimba mama anavyoheshimiwa, wakikata kiuno kila Onema alipopuliza filimbi, kwa mazoezi. Mmoja alianguka, wakamburuta kivulini, wengine wakasogea kuziba pengo lake. Mwadi aliimba. Sauti ilimtoka safi kama kawaida, na hilo lilimchukiza kuliko harufu yote ya siku kumi na moja.

Komisele alisoma hotuba. Zamani, alisema, mwanamke alikuwa chombo cha nyumbani. Wakoloni walimdharau, mila mbaya zilimfunga. Leo chama kimemfungua.

"Iko mwanamuke hapa ambaye bado anaonewa?"

Walikuwa wamefundishwa jibu. Mwanzishaji hutangulia, wengine hufuata.

"Hapana!" Mwadi alipaza sauti.

"Hapana!" waliitikia sitini.

Akipita mbele ya mstari, komisele alimgusa Mwadi shavuni kwa vidole viwili vinene. "Unanukia vizuri, mama," alisema, na wanaume waliomfuata wakacheka.

Jipu lilibeba bia na mbuzi wa kuchoma. Wanawake walirudi kwa miguu.

Mwadi alimkuta Ngalula sakafuni, shavu kwenye matapishi yake, pumzi fupifupi. Pélagie alikuwa kando yake na kitambaa kibichi mkononi. Tharcisse alikuwa ameketi kitini, viatu amevua.

"Vua hiyo nguo," alisema. "Rudi kwa mukeka."

Mwadi alimbeba mtoto akaelekea mlangoni. Tharcisse alimrukia, akakamata kikwembe begani kwa ngumi nzima. Nje majirani walikuwa wamesimama wakitazama. Tharcisse aliwaona, kisha akautazama mkono wake mwenyewe, ukiwa umefinya shavu la Kiongozi. Akaachia. Hata alilinyoosha kunjo kwa kiganja, haraka haraka, kama anayefuta vumbi.

Mwadi akatoka.

Penye dispanseri wanawake walikuwa wamejipanga kwenye benchi na chini ukutani, wengine tangu alfajiri. Wa kwanza mlangoni alikuwa mama mmoja wa shamba, miguu imejaa vumbi la njia ya Pangi, mtoto wake amemfunga mgongoni, kichwa cha mtoto kinaning'inia.

Muuguzi alitokeza mlangoni, akakiona kikwembe.

"Mama wa chama, pita."

Mstari ukapasuka. Wanawake walikunja miguu, wakavuta watoto wao. Mmoja alitema mate pembeni, mbali kidogo na miguu ya Mwadi.

"Sindano ya kinini ya malaria iko moja imebaki," muuguzi alisema. "Una bahati."

Mama wa shamba alikuwa amekwisha kuingia nyuma yao. "Docta, mimi njo nilikuwa wa kwanza. Uliandika jina yangu. Mauwa."

"Mauwa, utarudi kesho."

Mwadi alijua maneno ya kusema. Alikuwa nayo mdomoni, mafupi: zamu ni ya Mauwa. Alimlaza Ngalula mezani, akamgeuza kifudifudi. Alimshika kiuno, lakini Ngalula, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akaanza kurusha mateke hata hakuweza kumtuliza.

"Wewe Mauwa," muuguzi alisema, akigongagonga kichupa cha dawa kwa ukucha, "usisimame bure. Shika miguu ya mutoto wa mama wa chama."

Mauwa akasogea. Akaishika ile miguu miwili midogo kwa mikono yake migumu, kwa nguvu lakini bila kuumiza, na alipoinama, kichwa cha mtoto wake kikateleza mgongoni kikalala ubavuni. Muuguzi alikivunja kichupa shingo.