Pumu Iliyohama

Heladio na Nereida ni mapacha, na utotoni pumu ilikuwa ya Heladio. Yeye ndiye aliyebebwa mgongoni na kunyweshwa supu ya kuku, huku Nereida akiruka mawe ya milima yetu ya Oaxaca, Meksiko, kama mbuzi. Heladio akabaleghe, sauti ikawa nzito, pumu ikamwacha. Haukupita muda ikamshika Nereida. Watu wakasema imehama chumba tu.

"Asante kwa kunipokea mzigo, pacha," Heladio alizoea kumtania.

Wote wanapiga katika bendi ya baba yao, don Taurino: Heladio tuba, Nereida tromboni. Mimi, binamu yao, napiga klarineti. Kuna siku Nereida alipuliza mpaka mbwa wakakimbia. Siku nyingine wimbo mmoja tu, kifua kinalia filimbi. Daktari mmoja wa mjini alimpa vidonge vya wasiwasi. Don Taurino naye akashikilia kwamba ni woga wa watu.

Kwenye harusi ya binti wa mwoka mikate, Nereida aliishiwa pumzi katikati ya wimbo, akaketi chini, midomo imepauka. Heladio alitupa tuba, akambeba mbio hadi zahanati. Bendi nzima ikamfuata, hata bwana harusi naye.

Daktari mpya, Citlali Robledo, alimvutisha dawa. Pumzi iliporudi akamuuliza, "Kifua kinakubana ovyo tu, au kina siku zake?"

Nereida aliwatazama wanaume waliojaa mlangoni. "Kina siku zangu," akanong'ona.

Don Taurino, aliyekuwa ametoka kumwambia daktari ni woga tu, akaanza kuchunguza dari.

"Basi si woga, mzee," daktari alisema. "Ni pumu. Kwa baadhi ya wanawake huchachamaa hedhi ikikaribia. Utotoni huwasumbua zaidi wavulana. Wakishabaleghe, zamu huwa ya wasichana."

"Kwa hiyo sikumwambukiza mimi?" Heladio aliuliza.

"Hata kidogo."

"Mama yangu! Miaka yote hii nawasha mishumaa kanisani kuomba msamaha!"

Nereida alicheka mpaka akakohoa. "Mjinga wewe! Kumbe ulikuwa unaniombea?"

Alipewa dawa ya kuvuta kila siku, hata akiwa mzima, na nyingine ya kumwokoa akibanwa.

Sikukuu ya mtakatifu wetu ikaangukia siku zile zile. Don Taurino alimzunguka binti yake, akikuna kichwa. "Mwanangu... hali ya hewa vipi?"

"Hewa tele, baba. Twende."

Alipuliza karibu maandamano yote. Kwenye mlima wa kanisa kifua kilimbana kidogo. Akakaa pembeni, akavuta dawa yake, akapumzika. Heladio alijaribu kujaza sehemu ya tromboni kwa tuba, ikatoka sauti ya ng'ombe anayezaa. Watu wakampigia makofi ya huruma.

"Rudi upesi, pacha," alimsihi, "wananicheka!"

Nereida akarudi, akapuliza mpaka ngoma ya mwisho, kisha akala sahani mbili za kuku wa mole, mchuzi wetu mzito wa pilipili, bila kumsubiri mtu.