Uvimbe Chini ya Bawa

Ndege ilifika kwa posta, ndani ya boksi lenye picha iliyosema uongo mtupu. Kwenye picha, jeti ya kivita ilikuwa inapasua mawingu huku moto ukitoka mkiani. Ndani ya boksi mlikuwa na vipande mia na kumi na vinne vya plastiki ya kijivu vilivyoshikana kwenye fremu, vingine vidogo kama punje ya mchele, pamoja na karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara nane. Karani aliikunjua karatasi juu ya meza ya kulia chakula, akailainisha kwa viganja, akakohoa kama mtu anayetaka kuhutubia mkutano.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mkoba bado begani.

"Ni nini hicho?"

"Ndege. Aina ile ile aliyokuwa anaihudumia baba yako. Nimeitafuta miezi mitatu."

"Na nani ataiunga?"

"Mimi."

Mkewe hakucheka. Aliona kicheko kingekuwa kumpa heshima asiyostahili. Akaenda zake jikoni.

Tuseme ukweli, mwanamke huyu alikuwa na haki ya kuvimba kichwa. Alikuwa fundi wa meno ya bandia, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa akichonga, akisugua na kung'arisha meno ya watu asiowajua, bila hata mmoja kurudi kulalamika kwamba ufizi unamchoma. Hapo kwenye maabara yao walimwita Kidole, maana alifunga macho na kupitisha kidole juu ya kazi ya wenzake, na pale kidole kiliposimama, kazi ilirudishwa. Uvimbe mdogo usioonekana kwa jicho, alikuwa akisema, mdomoni ni kidonda. Mumewe naye alikuwa karani wa masjala. Alitoa mafaili na kuyarudisha, basi. Huyu ni mtu aliyekuwa hawezi kufungua kopo la maziwa bila kujikata, na siku alipojaribu kutundika pazia, pazia lilibaki chini na ukuta ukabaki na matundu sita.

Lakini ndege hii haikuwa mchezo wa kupitisha muda, na wote wawili walijua hivyo. Baba mkwe alikuwa fundi ndege jeshini kabla ya kustaafu. Miaka miwili iliyopita macho yake yalizimika kabisa, na tangu hapo mzee alinyamaza. Alikaa ukingoni mwa kitanda nyumbani kwa binti yake mdogo, vidole vikitembea juu ya blanketi kana kwamba vinatafuta kitu kilichodondoka. Ukimwamkia, anaitikia. Ukimpa chakula, anakula. Zaidi ya hapo hana neno na mtu.

Tena mzee huyu ndiye aliyemtia karani alama isiyofutika. Siku karani alipokuja kuposa, mzee aliushika mkono wake, akaugeuza kiganja juu, akaupapasa mbele ya wajomba na mashangazi wote, akasema, "Mkono wa bahasha huu, haujawahi kushika spana." Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Binti mwenyewe alicheka pia, lakini maneno yale yalimkaa rohoni kwa miaka kumi na miwili. Hakuwahi kumsamehe mumewe kwa kuwa na mkono wa namna ile.

Sasa mkono huo huo ulikuwa unataka kumjengea mzee ndege.

Kila Jumamosi karani alikwenda kukaa na mkwewe, daftari kwapani. Mkewe aliamini wanasinzia pamoja. Jioni karani alirudi akiwa amechangamka, maneno yamemjaa mdomoni.

"Leo baba kaongea. Kanieleza mambo ya ile ndege iliyopasuka tairi, halafu yeye na kile kira—"

"Kiraka!" alimkatiza mkewe. "Mungu wangu, bado anacho? Usinieleze. Mimi na mdogo wangu tumelelewa na kiraka hicho. Baba akianza tu, sisi tunabeba sahani tunahamia uani."

Na ni kweli. Hadithi ya kiraka ilikuwa ndefu, ilianza na hali ya hewa, na hakuna mtu katika familia ile aliyewahi kuisikia mpaka mwisho.

"Lakini ukiisikiliza yote—"

"Baba watoto, nimesimama tangu asubuhi. Niache."

Karani akamwacha. Akarudi mezani kwake.

Meza hiyo sasa ilikuwa imetekwa. Familia ilikula na sahani mapajani, na watoto walipokuja likizo waliambiwa wasipige chafya karibu na bawa. Karani alivaa miwani juu ya miwani, akashika kibanio cha nyusi cha mkewe, akatoa ulimi nje kidogo. Siku ya kwanza alijigundisha kidole kwenye mkia wa ndege na ikabidi aloweke vyote viwili kwenye maji ya moto. Kiti cha rubani kilipotea siku tatu, kikaonekana ndani ya soksi. Rubani mwenyewe, mwenye urefu wa ukucha, alipakwa rangi usoni mpaka akafanana na mtu aliyeokolewa kwenye pipa la jamu.

"Shemeji anaendeleaje na jeshi lake?" mdogo mtu aliuliza kwenye simu.

"Ameshateka meza. Sasa anaelekea kabatini."

Wakacheka mpaka machozi. Karani alikuwa anasikia, maana nyumba yenyewe ni ndogo, lakini alijitia hamnazo na kuendelea kupuliza rangi ikauke. Alipaka mabaka ya kijani na ya kahawia mgongoni, na samawati tumboni. Mkewe akashindwa kuvumilia.

"Baba haoni, unajua?"

"Najua."

"Sasa rangi ya nini?"

"Haiwezi kwenda uchi."

Miezi minne ikaisha hivyo. Wiki tatu za mwisho kulikuwa na kituko kipya. Kila jioni karani aliigeuza ndege tumbo juu, akachovya ncha ya sindano kwenye gundi, akagusisha mahali fulani, kisha akashika tama na kuangalia daftari. Tone moja, na siku imekwisha. Mkewe alipita nyuma yake akitikisa kichwa. Hakuuliza anafanya nini. Aliyekwisha kujua majibu yote haulizi.

Hatimaye karani akatangaza kwamba kesho yake, Jumamosi, ndege itapelekwa kwa mzee. Alisema hivyo huku akifikicha viganja kwa wasiwasi. "Akiipapasa akaikubali," alisema, "basi." Hakumalizia, wala haikuhitajika.

Ijumaa hiyo karani alikwenda kazini, na mkewe alikuwa na siku ya mapumziko. Alifuta vumbi mezani kuizunguka ndege, akaizunguka tena, mwisho akaiokota. Alifunga macho kama afanyavyo maabara, akapitisha kidole.

Alistaajabu. Pua ilikuwa laini. Pale mwili wa ndege ulipounganishwa, mshono haukusikika. Kioo cha chumba cha rubani kilikaa sawasawa. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha ambayo hakuitarajia. Akajiona mbele ya baba yake, akasikia mzee anaifuta ile kauli ya bahasha, na yeye anapata kuinua uso baada ya miaka kumi na miwili.

Kisha kidole kikasimama.

Ilikuwa chini ya bawa la kushoto. Pametuna. Kipande cha plastiki nyembamba kimebandikwa hapo, upana wake si zaidi ya ukucha wa kidole cha mwisho, na juu yake vipele vya gundi vilivyokauka, vimejipanga ovyo, kimoja kimekwenda pembeni kabisa. Akafumbua macho. Rangi ilikuwa imepakwa juu yake kuficha. Kwa hiyo hii ndiyo kazi ya wiki tatu! Ametoboa bawa, akaziba, akadondosha gundi, akadondosha nyingine, akaona bora alifunike kwa rangi na kumwomba Mungu. Na hili ndilo alilotaka kumpelekea mtu anayeona kwa vidole!

Alikasirika, halafu akamhurumia, na huruma yake ilikuwa na dharau kubwa kuliko hasira. Alitoa vifaa vyake kwenye mkoba wa kazi: tupa ndogo, msasa wa aina tatu, kitambaa cha kung'arishia. Akakikwangua kile kipande mpaka kikatoka. Akasugua vipele kimoja kimoja, akalainisha, akapaka rangi iliyobaki kwenye kichupa, akang'arisha. Saa moja na nusu ilimtosha. Akafunga macho, akapitisha kidole, na kidole kikateleza kutoka ncha hadi shina bila kusimama. Alijisikia mwema. Aliamua hatamwambia, asije akamwaibisha. Mke mwingine angetangaza.

Karani aliporudi alikuta ndege imeviringishwa kwenye taulo, imewekwa ndani ya boksi, boksi limefungwa kamba.

"Nataka niiangalie mara ya mwisho."

"Umeiangalia miezi minne. Ukiifungua tu utavunja gurudumu."

Karani akakubali. Alikuwa amezoea kukubali.

Asubuhi walimkuta mzee ukingoni mwa kitanda, amenyolewa ndevu, amevaa shati safi. Binti mdogo alisema alikuwa ameamka mapema na kuuliza mara mbili kama wamefika. Hilo peke yake lilikuwa muujiza.

"Shikamoo baba," alisema karani.

"Marahaba. Ilete."

Karani akaifungua, akaiweka kwenye viganja vile vikubwa vyenye makovu. Vidole vya mzee viliiendea polepole. "Pua," alisema. Vikapanda. "Kioo. Mlango wa ngazi. Hapa ndipo tulipomwagia mafuta." Vikashuka mkiani, na uso wa mzee ukafunguka namna ambayo mabinti zake walikuwa wameisahau. Binti mkubwa, mke wa karani, alisimama pembeni ya kabati, mikono kifuani, shingo imenyooka. Alikuwa anasubiri sehemu yake.

Mzee akaigeuza tumbo juu. Kidole gumba kikaingia chini ya bawa la kushoto, kikateleza kutoka shina hadi ncha. Kikarudi. Kikateleza tena.

"Kiko wapi?"

"Kipo hapo hapo, baba. Bawa la kushoto."

"Hakipo."

Karani akainama, akaivua miwani moja, akaangalia. Bawa lilikuwa linang'aa. Lilikuwa na mng'ao anaoujua vizuri, mng'ao wa meno ya bandia yakiwa mapya. Akainua macho akamtazama mkewe. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtia mkewe baridi. Kisha akamgeukia mzee.

"Nisamehe, baba. Nilikisahau."

"Ulikisahau." Mzee aliiweka ndege juu ya blanketi, akaisukuma mbali kidogo. Uso ulikuwa umefunga tena. "Jumamosi zote hizo. Nikasema, angalau mmoja kaniamini. Kumbe mkono wa bahasha ni ule ule."

"Mmesahau nini?" aliuliza binti mkubwa. "Kuna nini hapo?"

Mzee ndiye aliyejibu, bila kugeuza kichwa, na safari hii hakuanza na hali ya hewa.

"Tairi lilipasuka wakati inatua, kipande kikatoboa bawa kwa chini. Ngumi ingepita. Niliziba mwenyewe, kwenye mvua, nimelala chali. Ribiti kumi na moja, zile pini za kushikia bati. Ya saba drili iliteleza, ikakaa pembeni. Mkaguzi alipokuja hakuuliza kitu. Alipitisha kidole, akaandika, nikaondolewa kwenye ndege nikapelekwa stoo kutoa blanketi mpaka nastaafu. Na ile ndege iliruka miaka tisa na kiraka changu. Miaka tisa! Nyumbani kwangu nikisema, watu wanabeba sahani."

Binti mdogo aliinamisha kichwa. Vile vipele vya gundi, mkubwa alivikumbuka sasa kimoja kimoja, na kile kilichokwenda pembeni. Hakuwa amevihesabu. Hakuona sababu ya kuvihesabu. Angeweza kunyamaza, mumewe alikuwa ameshajitwika, na mumewe alikuwa na mgongo wa kubeba. Lakini alimwona alivyokaa, mikono yake ameificha katikati ya magoti kama kitu cha aibu, na akashindwa.

"Baba, alikitengeneza. Kilikuwepo, na ribiti zote, na ile ya pembeni. Mimi ndiye nimekisugua."

"Wewe? Kwa nini?"

"Nilipitisha kidole, nikaona pametuna. Nilidhani ni kasoro."

Mzee akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, kisicho na furaha hata chembe.

"Kasoro," alisema. "Neno hilo hilo. Mkaguzi naye aliandika hilo hilo."

Akanyoosha mkono hewani mpaka ukaupata wa karani, akautoa kule ulikojificha, akaukamata.

"Mwanangu, daftari unalo?"

"Ninalo, baba."

"Na sindano?"

"Ipo."

"Basi kaa hapa karibu, tuanze upya. Na mtoe nje huyu mkaguzi."

Fundi meno akatoka. Hakuna aliyemwita, hata mdogo wake. Alisimama kwenye korido, mgongo ukutani, akawasikia wanahesabu kwa sauti ya chini, mzee na karani, moja, mbili, tatu. Walipofika saba wakanyamaza muda mrefu, na yeye pale nje, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasubiri kusikia kinachofuata.